Leso Juu ya Mashine

Mjukuu wangu Salim,

Huku Changamwe tu wazima, na mbuzi wa mamako kazaa pacha. Umeuliza mbona mashine yako ya kuchomelea yapata moto hadi inazima. Ya babuyo nayo ilikuwa hivyo miaka ya tisini. Alibadilisha nyaya, akalaumu umeme, akanuna. Siku moja nikaitwaa leso niliyokuwa nikiifunikia mashine, hata ikiwa kazini, isiingie vumbi, nikajifunga, nikaenda arusini. Kurudi, namkuta anachomelea huku akiimba.

"Mashine si biarusi, wallahi! Leso yako iliziba matundu ya hewa!"

Kumbe nikiitunza kwa kuinyima pumzi. Siku hizi mamako akitaka kukupigia simu mara ya tano kwa siku moja, namwonyesha leso ile.

Nyanyako