Aya Isiyokuwemo Kitabuni

Jumatatu, 7 Mei 2018

Leo nimefunika picha kwa kiganja. Basi, hilo tu.

Tirza wangu alikuwa anasoma vizuri, sauti tamu, anapumzika panapostahili. Nikaweka mkono juu ya picha ya bata bwawani. Akanyamaza. Akautazama mkono wangu, wala si maneno. Nikamwambia endelea. Akasema, "Farasi akaingia zizini." Ukurasa ule hauna farasi wala zizi! Nikafunua mwingine, nao nikaufunika picha. Akasoma habari za bibi na keki. Kilichoandikwa ni mvua.

Ana miaka tisa. Asa, kaka yake, akiwa na umri huo alikuwa anasoma majarida ya matrekta ya baba yake mpaka chooni.

Na hakuona haya. Hilo ndilo lililonisumbua. Alitabasamu kama mtu aliyemaliza kazi yake vizuri.

Jumatano, 9 Mei

Baba yao Royce karudi kutoka kupanda mahindi, vumbi mpaka kwenye kope. Nikamweleza akiwa anakula. Kasema mwache mtoto, atasoma wakati wake ukifika, kwani Asa alifundishwa na nani? Kweli, Asa hakufundishwa na mtu. Lakini Asa ni Asa.

Nikasema nataka mtaala mwingine, wa sauti za herufi, kuanzia mwanzo kabisa. Kasema nimuulize Marlys.

Marlys ni dada yake, na ndiye mkubwa wa kikundi chetu cha wamama tunaosomesha watoto nyumbani. Watoto wake wote wamepitia mtaala uitwao Bustani ya Hadithi, na ndio anaosoma Tirza. Picha kila ukurasa, wimbo kila wiki. Mtoto akikwama, mwongozo unasema atazame picha, atazame herufi ya kwanza, halafu ajaribu neno linaloleta maana. Tirza ni mtiifu. Anafanya alivyoambiwa.

Nimempigia. "Wifi, unajitafutia presha bure," kasema. "Mpe kitabu kinachofuata. Ukimrudisha nyuma utamvunja moyo, halafu uje kunililia mimi."

Labda. Sijui. Alasiri Tirza alikaa kwenye ngazi na mdogo wake Dinah, akimsomea. Sungura kaolewa na mkaguzi wa maghala ya nafaka. Dinah kacheka mpaka kapaliwa. Nilisimama jikoni nikisikiliza, sasa najua kwamba hakuna hata neno moja lililotoka kwenye kile kitabu.

Jumamosi, 12 Mei

Soko la vitabu vilivyotumika, ukumbi wa kanisa. Kila mama anauza kilichomshinda mwaka huu na kununua kilichomshinda mwenzake. Nimekwenda na Tirza.

Kwenye meza ya mwisho, mama mmoja wa kaunti ya jirani, simjui. Ana mtaala unaitwa Ngazi. Jalada la kijivu, ndani hakuna picha hata moja. Kaniangalia, kamwangalia Tirza, kaelewa.

"Dada, nisikufiche. Hiki kitawaliza wote wawili."

Nikamuuliza kama kwake kilifaa.

"Mwanangu anasoma. Barua, dawa, vibao vya barabarani, kila kitu." Akawa anapanga vitabu vilivyokwisha kupangwa. "Hadithi hataki kuziona."

Akanipa na masharti. Kabla ya kuanza, toa nyumbani vitabu vyote vya hadithi. Asiguse hata kimoja mpaka amalize. Ukimwachia mwanya wa kubahatisha, atabahatisha.

Mwanzoni kuna jaribio. Maneno ya kubuni, hayana maana yoyote, ili mtoto asipate pa kushika. Nilimpa Tirza ndani ya gari. Kila neno bandia kaligeuza la kweli. Halafu kanirudishia kitabu kwa huruma. "Mama, hawa walioandika wamekosea sana."

Nimekiacha chini ya kiti cha gari. Sijaamua. Nikichukua Ngazi anarudi mwanzo kabisa, pamoja na Dinah wa miaka minne. Nikibaki na Bustani, atakuwa mtu mzima anayetabasamu mbele ya karatasi asizozijua.

Jumapili, 13 Mei

Sikukuu ya Mama. Natamani isingekuwepo.

Desturi yetu: watoto wanapanga foleni mbele ya kanisa, kila mmoja anasoma aya moja kuhusu Mungu anavyotutunza. Tirza alikuwa na yake, ameihifadhi kichwani wiki nzima, sikuwa na wasiwasi. Asubuhi mtoto mmoja kaamka na homa. Marlys ndiye anayepanga foleni. Akasogeza watoto, Tirza akaangukia aya ya yule mgonjwa.

Nilimwona akipewa Biblia iliyofunguliwa mahali pengine. Nikainuka nusu. Royce akanivuta chini kwa upole, akidhani nataka kupiga picha.

Tirza akaweka kidole kwenye ukurasa. Akasoma, bila kukwama popote: "Bwana anawajua ng'ombe wa milimani. Na ndama akipotea kwenye theluji, humwita kwa jina lake mpaka arudi kwa mama yake."

Kanisa zima likasema amina.

Mzee Halvorsen, aliyepoteza nusu ya ng'ombe wake kwenye dhoruba ya theluji, alitoa kitambaa akafuta macho. Royce akanifinya mkono. "Umemsikia binti yako?" Nami nina Biblia mapajani, imefunguka papo hapo. Ni aya ya mvua na majani ya kondeni. Ng'ombe wametajwa, mara moja. Theluji hamna. Ndama hamna. Mama hamna.

Nikainua macho. Marlys naye alikuwa na Biblia imefunguka. Alikuwa ananitazama mimi.

Mwalimu wa watoto akanipa ua la karatasi. Nikasema asante.

Jumatatu, 14 Mei

Marlys kaja na bakuli la tambi na samaki, lile tunalopelekeana mtu akifa. Akaliweka mezani, hakukaa.

"Wifi, mtoto kaongeza maneno kwenye Neno la Mungu. Mbele ya watu. Na watu wakaitikia amina."

Nikamwambia hajaongeza chochote, hajui kusoma. Na anavyosoma ndivyo Bustani ilivyomfundisha.

"Watoto wangu wote wanasoma kwa Bustani hiyo hiyo. Usitafute mchawi."

Royce akaingia kula, akatukuta tumevimba. Marlys ndiye aliyemwambia. Royce akanawa mikono, akachukua Biblia, akatafuta aya, akaisoma mara mbili. Halafu akamwita Tirza.

"Jana ulisema uongo kanisani?"

"Hapana, Baba. Nilisoma."

"Yale maneno hayamo humu."

Tirza akamtazama, akanitazama mimi, akamtazama shangazi yake. Hakuwa na woga, alikuwa anatusubiri tumweleze. "Si unaangalia, halafu maneno yanakuja? Kwani nyie mnasomaje?"

Marlys akaanza kutafuta funguo za gari. Miaka yote hii mtoto wangu amekaa katika nyumba iliyojaa vitabu akiamini kwamba sote tunabuni! Kwamba mimi nikisoma, nabuni. Mchungaji akisoma, anabuni. Na kwamba yeye ni hodari kama sisi.

Royce alivaa kofia yake. Mlangoni kasema, bila kugeuka: "Chagua unachotaka, mke wangu. Mavuno yakifika bado hajui kusoma, anakwenda shule ya mjini." Kule watamkalisha na watoto wa miaka sita, kwenye viti vidogo, magoti kidevuni. Anajua hivyo. Mimi pia najua.

Nimekwenda kwenye gari, nimetoa Ngazi.

Jumanne, 15 Mei

Vitabu vyote vya hadithi nimevitia maboksi, nimevipeleka gereji. Asa kanisaidia kubeba. Dinah alikumbatia kimoja, ikabidi nimbandue kidole kimoja kimoja. Tirza alisimama kando. Kauliza, "Nimefanya nini?" Nikamwambia hujafanya kitu. Kwa nini basi vinaondoka, hakuuliza.

Jumatatu, 21 Mei

Somo la pili bado. Machozi. Yake mezani, yangu bafuni, maji yakiwa wazi.

Alhamisi, 24 Mei

Akiona neno, macho yanaruka pembeni kutafuta picha. Hakuna picha. Yanarudi kwangu. Natazama dirishani, ndivyo mwongozo unavyotaka, usoni mwangu asisome chochote. Leo kasema, "Mama, hata wewe?"

Jumatano, 30 Mei

Amesoma ukurasa mzima wa maneno bandia. Yote sawa! Sauti kwa sauti, kidole chini ya kila herufi, kama mtu anayevuka barafu nyembamba. Nikampigia Royce shambani, nikamsikia anazima trekta. Kasema, "Mungu ni mwema," halafu nikamsikia akipenga kamasi. Nadhani alilia.

Nilimkumbatia Tirza. Akasubiri nimalize. Akauliza kama anaweza kwenda nje.

Jumamosi, 2 Juni

Nimejifungia bafuni, naandika haraka.

Nilikuwa jikoni nakanda unga wa biskuti. Dinah akashuka na kijitabu cha mbegu cha baba yake, bei na majina ya mahindi, akakaa kwenye ngazi. Akakifungua, akaweka kidole, akaanza: hapo zamani palikuwa na hindi moja lenye kiburi, halikutaka kuvuliwa koti. Anaiga sauti ya dada yake hasa. Vituo vyote mahali pake. Nikaacha kukanda. Nimekosa kusikia sauti hiyo tangu maboksi yatoke, sikujua nilivyoikosa.

Tirza akapita. Akasimama nyuma yake, akatazama ukurasa. Midomo yake ikawa inacheza, anatamka polepole, herufi baada ya herufi. Halafu akamnyang'anya.

"Hapa pameandikwa 'gunia'. Hapa 'tani'. Hakuna hadithi. Wewe unasema uongo."

Alisoma. Maneno ya kweli, mara ya kwanza maishani mwake, na yote mawili sawa.

Dinah akalia. Kasema si uongo, anasoma, alifundishwa na Tirza. Tirza akamwambia, kwa sauti ya chini kabisa, sauti yangu mimi ya mezani: "Huko si kusoma. Hukuwahi kusoma. Na mimi sikuwahi."

Kisha wote wawili wakanigeukia. "Mwambie, Mama," kasema Tirza. "Mwambie zile zote zilikuwa uongo." Na Dinah: "Mwambie haikuwa."

Nikasema naosha mikono.

Maji yanatiririka. Unga umeniganda kwenye vidole, nachafua ukurasa. Dinah bado analia huko nje. Tirza halii. Yuko mlangoni, nakiona kivuli cha miguu yake chini ya mlango. Anagonga taratibu, ananisubiri.