Waridi la Maximilla Kwenye Kopo

Jumatatu, 6 Januari 1997
Mimi Romano, sajini mstaafu, miaka sabini na tano. Nimevuka vita vya Burma. Nimezika serikali saba, meno yote ya juu, na madaktari wawili walioniambia sitamaliza mwaka. Maximilla, mke wangu, hakupaswa kuwa kwenye orodha hii. Yupo — tangu Agosti.

Leo Erisa mwenye nyumba, hapa Mpumudde, Jinja, kakata waridi la Maximilla mpaka chini. Anajenga duka. Nilipotoka kanisani shina limeshachomwa. Nimeokota vijiti tisa. Basi.

Na barua ya Norman, mtoto wetu aliye Mbale. Tarehe moja Machi anasakafia kaburi la mama yake. Nikileta waridi hai, ataacha tundu la kulipanda upande wa kichwa. Nisipoleta, saruji juu yote. Anajua kuamuru. Damu yangu.

Jumanne, 7 Januari
Vijiti vimesimama kwenye makopo kama gwaride, mrefu kulia, mfupi kushoto. Kikosi safi, Jinja yote hakuna kama hiki. Jirani Mastula, anayeuza miche barabara ya Budondo, kachungulia. Kauliza, Afande, hayo ni maua au mahabusu? Kasema nifunike na kavera, mfuko wa plastiki, niweke kivulini, halafu nisahau.

Kavera nimefunika. Kusahau siwezi. Kila asubuhi nakagua: nachomoa kijiti, naangalia kitako kama kuna mzizi, narudisha. Jeshini kitu usichokikagua si chako.

Jumapili, 19 Januari
Vitatu vyeusi. Udongo wa hapa mbaya.

Jumatatu, 27 Januari
Vimebaki vinne. Mastula kanikuta nachomoa. Kasema, Mzee, na mke wako ulikuwa unamfunua shuka kila asubuhi kuona kama anapumua? Nimemjibu vibaya. Kaenda zake.

Lakini ni kweli. Nilimfunua. Miezi yote mitatu ya ugonjwa.

Jumatano, 29 Januari
Kwenye kitako cha kijiti kimoja — uzi mweupe, mwembamba kama wa kushonea. Mzizi. Nikapangusa udongo nione vizuri, ukakatika. Mkono wangu huu.

Udongo si mbaya.

Jumamosi, 1 Februari
Kimebaki kimoja. Nimebeba kopo mpaka kwa Mastula. Nikamwambia, kamata huyu, mfungie ndani, mimi nikija usinifungulie. Kauliza, hata ukiamuru? Nikasema, hasa nikiamuru.

Ilikuwa amri yangu, si ushauri wake. Iandikwe hivyo.

Jumatatu, 10 Februari
Nilikwenda. Hakufungua. Angekuwa koplo mzuri.

Alhamisi, 27 Februari
Mastula kaleta kopo. Majani manne, mekundu kama masikio ya mtoto mchanga. Nikasema, umeona waridi la sajini? Hakucheka. Kasema jani linaweza kudanganya. Kijiti kinatoa majani kwa maji yake ya zamani, na chini hakuna kitu. Lakini usichomoe, Mzee. Ukichomoa, hata kama mzizi upo, unakufa.

Nimewaza neno hilo kutwa. Mimi pia nasimama kwa maji ya zamani, nusu mwaka sasa.

Jumamosi, 1 Machi. Mbale
Kopo nimelipakata kutoka Jinja mpaka hapa. Fundi Isabirye ameshachanganya saruji. Norman kainama, kaangalia majani. Kasema, Baba, majani si mizizi. Siwezi kuacha tundu kwa kijiti kilichokufa, mvua iwe inaingia kwa Mama. Chomoa tuone.

Ana haki. Mimi ndiye niliyemfundisha kukagua.

Vidole vinawasha. Nimekaa ukingoni mwa kaburi, kopo kati ya magoti, naandika ili mikono iwe na kazi. Nimemwambia hapana. Kauliza, sasa tutajuaje? Nikasema, sijui.

Neno hilo hajawahi kulisikia kutoka kwangu. Ananitazama mimi, hatazami kopo. Saruji inaanza kuganda kwenye karai.

Kwamba sikuchomoa, shahidi ni Norman, amesimama mbele yangu. Na fundi Isabirye, aliyeshika mwiko juu, bado hajaambiwa amimine mpaka wapi.