Neno Aliloniuliza Mama Komba

Dada Zuhura, shikamoo. Songea ina ukungu na baridi ya kuingia mpaka kwenye mifupa. Mimi niliyekanyaga Lusaka na Lubumbashi natetemeka hapa kama kifaranga.

Kwenye gesti ninayolala hapa Mshangano nimeshawatangazia wote kwamba Kiingereza nimekimaliza, ingawa wewe unajua shule niliishia wapi. Jana Mama Komba, mwenye gesti, alirudi kutoka kumwona mumewe hospitali akiwa na furaha na jogoo mkubwa kwapani.

"Kaka Tanga, msomi wetu," akaniambia kwa jina walilonibandika hapa, "mzee wanamhamishia palliative care. Daktari alieleza mengi, mimi nimeshika hilo tu. Jogoo huyu tutamchinja akirudi. Hiyo ni wodi gani?"

Dada, kwa mara ya kwanza neno la Kiingereza nililijua kweli. Tulilisikia wote wawili, siku za mwisho za Baba.

Nikamjibu ni matunzo ya kumpunguzia mgonjwa maumivu.

"Na kupona?"

Mimi, bingwa wa maneno, nikabaki namtazama jogoo. Akanikazia macho mpaka akaelewa. Akakaa juu ya ndoo. Halafu akasema, "Basi tumchinje leo. Mzee akanywe supu angali anaijua ladha yake."

Mabawa nilishika mimi.

Na yule jogoo anayeniwekea Mama yetu mpaka nirudi, mchinjeni Jumapili hii, Mama ale mwenyewe. Mpake Mama na mafuta miguuni kwa niaba yangu.

Mdogo wako akupendaye,
Saidi