Mafiga Matatu Ndani ya Lori la Magurudumu Kumi

Mwaka umetimia, Wenceslaus Jilala, tangu asubuhi ile ya Mei 1977 tulipokulaza makaburini tukarudi nyumbani Cheyo bila wewe. Kiti chako bado kipo mlangoni. Hakuna anayekikalia, ingawa hakuna aliyekataza.

Ulikuwa mtu wa maneno machache. Uliamka kabla ya kengele ya kanisa, ukanawa uso, ukasali umesimama wima kama askari wa zamu. Mtoto akikuamkia shikamoo, uliacha kazi ya mkono kwanza ndipo ukaitika marahaba. Visu vya majirani ulivinoa bila kuombwa. Ukimkuta mama anachinja kuku kwa kisu butu, ulikichukua, ukakirudisha kinang'aa, ukaenda zako.

Malori ya Kimarekani ulikutana nayo vitani, ulipokuwa keya, askari wa jeshi la Mwingereza, ng'ambo huko Bama. Ulituambia kwamba lori lile halina uzuri wa sura, ila lina moyo wa punda. Vita vilipokwisha, Bhagwanji mwenye duka alinunua moja kati ya yale yaliyouzwa na jeshi, la magurudumu kumi, akatafuta mtu anayelielewa. Akakupata wewe. Uliliendesha zaidi ya miaka ishirini. Ulibeba karanga, asali na nta, na pamba kutoka Nzega. Siku ya Uhuru ulibeba wacheza ngoma mpaka mjini, bendera ndogo umeifunga kwenye kioo cha pembeni, na wiki nzima hukutaka kuitoa.

Baadaye, mikono yako ilipokuwa haina usukani, ulianza kutengeneza malori madogo ya bati, mfano wa lile. Makopo ya mafuta ya kupikia uliyakata kwa mkasi wa bati. Bodi ulichonga kwa mninga, ekseli ulitengeneza kwa spoku za baiskeli, matairi kwa raba ya kandambili zilizochakaa. Kila futi moja ya lori la kweli uliifanya inchi moja, na hukukubali nusu inchi izidi. Bhagwanji alipoletewa la kwanza aliligeuza mara mbili, akasema, "Hili ni langu kabisa, hata ubonyeo wa madigadi."

Mtoto wetu Imakulata anakumbuka jinsi ulivyochora nyota nyeupe mlangoni, ile ya jeshi la Wamarekani, ukangoja ikauke, kisha ukaifunika yote kwa rangi ya kijani. Akakuuliza nyota isiyoonekana ni ya nini. Ukamjibu kwamba kwenye lori la kweli Bhagwanji aliipaka rangi juu, lakini chini ipo.

Wajukuu waliyachezea yale malori mengine sita. La kwanza hukuruhusu waliguse.

Mpaka hapa nimeandika kwa niaba yetu sote. Yanayofuata ni yangu mimi, Veneranda, mke wako. Naomba anayesoma asome mpaka mwisho, kwa sababu watu wengi walikuhukumu na wengine bado wanakuhukumu.

Ilikuwa Septemba 1974, wakati wa kuhamia vijijini. Nyumba zilizotawanyika kando ya njia ya zamani ya misafara zilitakiwa ziachwe, watu wakae pamoja. Lori la Bhagwanji lilikodiwa kuhamisha watu, na wewe ulihamisha kaya za wengine siku tisa kabla ya kufika kwetu. Paa letu lilikuwa limeshaezuliwa. Mama yako, Mama Koleta, alikuwa amekaa ndani ya nyumba isiyo na paa, jua limempiga utosini, ameyakumbatia mafiga yake matatu. Alisema haendi popote bila mafiga aliyopikia tangu alipoolewa.

Ulimwambia, "Mama, mawe yako kila mahali. Huko tuendako yamejaa."

"Baba yangu alibeba pembe mpaka pwani kwa miguu miwili na akarudi," alikujibu. "Gari lako lina miguu kumi, mawe matatu tu linalia?"

Watu wote walicheka, na wewe ukacheka. Ukakubali. Kisha ukaniambia mimi, kwa sababu utingo wako alikuwa mgonjwa na mimi ndiye niliyekusaidia kupakia: "Mazito yote yakae mbele, karibu na kichwa cha gari. Nyuma weka magodoro tu." Ukaenda kuongeza maji kwenye rejeta.

Mama alikataa kukaa mbele kwa dereva kwa kuwa harufu ya petroli ilimtapisha. Alikaa nyuma kabisa, kwenye mkeka, ameegemea godoro. Nilipoanza kuyabeba mafiga kwenda mbele, alinishika nguo. Akasema, "Mkwe wangu, yaweke hapa niyaone." Nikayaweka hapo. Nyuma, upande wa kushoto, yamegusa mlango wa bodi. Nilimpenda. Nilifikiri safari ni fupi. Nikapanda mbele pamoja nawe, nimempakata mtoto wa Imakulata.

Tulishuka korongo la njiani vizuri. Tulipoanza kupanda ukingo wa pili nilisikia kishindo nyuma, kisha sauti fupi. Haikuwa yowe. Ilikuwa kama mtu anayetaka kuanza kusema jambo. Mlango wa nyuma ulikuwa umefunguka, na Mama Koleta alikuwa chini kwenye mchanga, figa moja juu ya kifua chake. Tulilitoa sisi wawili. Hakusema neno tena.

Askari walipokuja waliuliza vitu vizito vilikuwa wapi. Waliniuliza mimi, kwa kuwa ndiye niliyepakia. Nikasema, "Mbele." Nikasema mafiga yamebingirika yenyewe kutoka mbele. Uliniangalia, Wenceslaus, muda mfupi tu. Kisha ukamgeukia askari ukamwambia kwamba kulabu ya mlango ilikuwa imelika, kwamba wewe ndiye dereva, na dereva ndiye anayejibu.

Kulabu ilikuwa imelika kweli. Lakini ilikuwa imelika siku zote tisa, na ilishika.

Ulifungwa miezi sita na leseni yako ikachukuliwa. Kabla ya hapo, kwenye mazishi, mdogo wako Lugembe alisema mbele ya ukoo wote kwamba umemuua mama kwa uzembe, na kwamba hatakula tena chakula cha nyumba yako. Ulisikiliza umeinamisha kichwa. Nami nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwako, nimeshika rozari, na sikufungua mdomo. Nilikuwa naogopa kuitwa muuaji wa mkwe. Wanaojua maisha ya kwetu wanajua mwanamke wa namna hiyo huishia wapi.

Nilimwungamia Mungu. Padre alinipa malipizi, akaniambia pia nikuambie wewe. Malipizi niliyasali yote. Kukuambia sikukuambia. Kila jioni niliomba nipewe nguvu ya kesho, na kesho yake niliomba tena vilevile.

Ulipotoka Aprili ya mwaka uliofuata, ndipo ulipolitengeneza lile lori la kwanza. Nilidhani unajiliwaza. Lakini ulitengeneza na mizigo yake. Kitanda chetu kilichokunjwa, magunia ya karanga, tundu la kuku, vyote kwa kipimo chako cha inchi kwa futi. Kulabu ya nyuma uliipiga tupa mpaka ikalika kama ile. Mwisho uliokota vijiwe vitatu.

Jioni moja nilikuwa napepeta mchele. Ulikuwa umeegemeza ubao kwenye kiti, lori liko juu yake kama linapanda ukingo. Uliniuliza bila kunitazama, "Mama Imakulata, mafiga ulisema yalikuwa mbele?"

"Mbele," nikasema.

"Haya."

Ukaviweka vijiwe mbele, ukainua ubao. Viligonga kitanda vikasimama. Mlango haukufunguka. Ukarudia. Nilisikia vijiwe vikigonga mti mara kumi, nami nikapepeta mchele uliokwisha kuwa safi. Mbele yangu hukuvihamisha hata mara moja. Hukuniuliza tena mpaka ukafa.

Mwezi wa Septemba, mwaka wa 1975, ulinishika mkono ukanipeleka shuleni kwa mwalimu Justus wa darasa la jioni. Nilisema nimezeeka, herufi zitanicheka. Ukasema zicheke, mwishowe zitachoka. Kila jioni ya darasa ulinisindikiza, ukakaa nje na wazee wenzako, ukanirudisha nyumbani. Nilipoandika jina langu mara ya kwanza uliikata karatasi ile, ukaibandika ukutani juu ya kopo la misumari yako. Nilipofeli hesabu ulisema dereva hodari huzima gari mara nyingi kabla ya kuliondoa.

Ulipougua kifua, zile siku kumi za mwisho, hukutaka nikupepee. Ulitaka nikusomee. Nilikusomea Injili, kidole kwenye mstari, polepole kama mtu anayevuka matope. Nilikwama kwenye neno "msamaha" kwa kuwa machozi yalinizuia, siyo herufi. Ulifikiri, au ulijifanya kufikiri, kwamba ni herufi.

Ukasema, "Soma tu. Utafika."

Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho kwangu.

Baada ya arobaini nilifungua daftari lako la vipimo. Miaka yote lilikuwa juu ya rafu, halikufungwa wala kufichwa, maana ndani ya nyumba hakukuwa na mtu ambaye lingemwambia kitu. Nililifungua nikitaka tu kuuona mwandiko wako. Kurasa nyingi ni inchi na robo inchi. Ukurasa mmoja umeandikwa Agosti 1975. Niliusoma neno kwa neno, na hivi ndivyo ulivyo:

"Mafiga mbele. Mara kumi. Mlango haukufunguka.
Mafiga nyuma kushoto. Mara kumi. Umefunguka mara tisa.
Yatosha."

Chini yake hakuna kitu. Ukurasa unaofuata ni vipimo vya lori jingine.

Nilihesabu miezi kwa vidole. Uliandika Agosti. Mwezi uliofuata ulinipeleka kusoma. Karibu miaka miwili ulinisindikiza kwenda kujifunza herufi zile zile zilizokuwa zinaningoja nyumbani kwenye rafu, na kila jioni ulijua nimefika wapi. Sijui kama ulitaka nisome ukiwa hai. Sijui kama ulikuwa unanipa muda niseme mwenyewe. Namwuliza Mungu, na bado hajanijibu. Najua tu kwamba ulijua, ukala chakula changu, ukanoa kisu changu, ukaubeba mzigo wangu kwa jina la uzembe wako mpaka kaburini, ambako mdogo wako hakuja.

Mwezi uliopita nilipanda basi kwenda Nzega, lori lako lile la kwanza nimelipakata, vijiwe nimevifunga kwenye leso. Lugembe alikuwa anachambua pamba barazani. Alinisalimu kwa adabu na hakunikaribisha ndani. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Nilimsomea ukurasa ule. Kisha nikaliweka lori juu ya ubao uliokuwa barazani.

Aliweka vijiwe nyuma kushoto kwa mkono wake, akainua ubao. Mlango ukafunguka. Akarudia. Ukafunguka. Mara ya tatu aliufunga mlango kwa kidole, akauacha ubao chini.

"Shemeji," akasema, "kaka alijua?"

"Alijua."

"Na alinyamaza? Hata nilipomtukana juu ya kaburi la mama?"

"Alinyamaza."

Aliinuka akaenda nyuma ya ghala la pamba. Alikaa huko mpaka kivuli cha nyumba kikanifikia miguuni. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Nilimwambia kwamba tunaandaa kumbukumbu ya mwaka, na kwamba nitayaandika haya yote, watu wayasome. Akasema:

"Mimi wewe sijakusamehe, na usimwambie mtu kwamba nimekusamehe. Lakini kwenye tangazo la kaka, jina langu liandike."

Aliomba lori libaki kwake. Nililiacha. Kama mtu akipita Nzega akaliona barazani kwa Lugembe, asiwape watoto walichezee.

Wenceslaus, sikukuambia ulipokuwa na masikio, ndiyo maana nakuambia mbele za watu. Mafiga niliyaweka mimi. Askari niliwadanganya mimi. Kifungo kilikuwa changu. Waliokunyima salamu njiani na waliokukatalia usukani, wajue hivyo leo. Najiandaa kwa maneno yatakayonifuata, nayo hayawezi kuwa mazito kama yale uliyoyabeba. Nakuombea kila asubuhi nikiwa nimesimama, kama wewe. Mama Koleta naye namwombea, na namwomba aniombee, akipenda.

Misa ya kukuombea wewe na mama yako itasomwa Jumapili hii, misa ya kwanza. Wote mnakaribishwa, na mtakaoona vigumu kukaa karibu nami mkae mbali, lakini mje.

Wanaokukumbuka ni mke wako Veneranda, mtoto wako Imakulata na mume wake Ambrosi, wajukuu wako wanne, ambao malori sita bado wanayo na magurudumu yote yapo, mzee Bhagwanji, mwalimu Justus na wanafunzi wa darasa la jioni, na mdogo wako wa tumbo moja, Lugembe Jilala wa Nzega, pamoja na nyumba yake yote.

Hatutakusahau siku zote za uhai wetu, wala hatutakuita tena mwenye kosa.