Mikomamanga Iliyofukiwa Mapema

Jumatano, 8 Novemba

Baridi ya jana imeniingia mpaka mifupani, nikashikwa na haraka. Leo mimi na Mohira, mke wa mwanangu, tumeilaza mikomamanga yote mitatu na kuifukia, isiuawe na baridi ya theluji. Kazi ya marehemu mume wangu Tursunali hii, kila mwaka. Mimi nilikuwa wa kuleta chai tu. Sasa yeye ndiye aliye chini ya udongo — ah, basi. Mgongo sina. Lakini imelala!

Shemeji Ghofur kachungulia ukutani. Eti, najisumbua bure, hapo atajenga gereji. Kiwanja ni chao wote wawili, yeye na marehemu ndugu yake, siwezi kumkatalia. Tumekubaliana: ikichipua Machi, bustani inabaki. Ikifa, ajenge.

Jumamosi, 11 Novemba

Jua! Jua la kuanika magodoro. Nyuki wametoka. Nimepanda vitunguu saumu huku naimba, Mohira ananicheka. Acha acheke.

Jumatatu, 13 Novemba

Bado joto. Nimeingiza mkono kwenye udongo pale juu ya mikomamanga — vuguvugu, na kuna harufu ya uvundo. Mjinga mimi! Tursunali alikuwa akingoja, akingoja, mpaka ardhi yenyewe ipoe. Mimi baridi ya siku moja tu imenitia kiwewe.

Ghofur kacheka mpaka akakohoa. "Shemeji, umemzika mgonjwa hajakata roho!" Nikamwambia akahesabu matofali yake. Kisha nikaingia jikoni nikalia. Nimeogopa kweli. Ikioza hii, sina tena cha mkono wa Tursunali.

Jumanne, 14 Novemba

Tumeifukua yote. Matawi yana ukungu mweupe. Mohira akakwangua gome kwa ukucha, akapiga yowe: "Mama, kijani! Njoo uone, kijani!" Alhamdulillahi. Tumeiacha ipigwe na jua na upepo. Ila simu yake inasema theluji iko njiani.

Alhamisi, 16 Novemba

Upepo umegeuka. Mohira yuko kwao, nimehangaika peke yangu. Kila nikilaza tawi, linaniruka usoni. Ghafla huyo Ghofur, na koleo begani.

"Umekuja kuzika au kuaga?" nikamuuliza.

"Shemeji, maneno baadaye. Shika hapo."

Miwili tumeifunika, majani makavu kwanza, halafu udongo. Vizuri kabisa! Lakini ule mkubwa, ule wa Tursunali mwenyewe, umekataa katakata kulala. Basi Ghofur kaukalia. Mzee mzima, kakalia matawi kama kuku anayeatamia!

Nimeingia kutafuta kamba, naandika nimesimama. Namwona dirishani. Theluji imeanza kumwangukia kofiani. Akiinuka tu, shina litaruka na kupasuka, na gereji yake ataipata bila kugombana na mtu.

Hainuki. Anapiga kelele: "Shemeji! Hiyo kamba unaisokota?"