Kitambaa Cheupe cha Mukuru

Mukuru kwa Njenga, 3 Juni 1996

Mpwa wangu Mutheu,

Salamu nyingi kuliko abiria wa kwenda Ukambani mwezi wa Desemba. Hujambo na vumbi la chaki? Mimi mzima, kifua tu kinanguruma, na hata simba hunguruma.

Nasikia unafundisha wanafunzi habari ya moshi, na mgeni uliyemwalika ni jirani yako Obonyo, karani wa reli. Moshi ameujulia wapi huyo? Mimi nimechochea tanuru la kiwanda miaka kumi na tisa. Moshi wetu uliwahi kunifuata kwa basi hadi Machakos, konda akaudai nauli. Au mjomba wa Mukuru anakuaibisha?

Ni mimi mjomba wako,
Mutisya

Umoja, 7 Juni 1996

Mjomba,

Pokea salamu za heshima. Hicho kifua umekipeleka hospitali?

Watoto waliuliza kwa nini viwanda vya moshi viko Mukuru wala si kwa matajiri. Mzee Obonyo aliwasaidia tu kumwandikia afisa wa afya. Sasa tunataka ushahidi. Tundika kitambaa hiki cheupe nilichofunga na barua nje ya mlango wako wiki mbili. Kingine kiko kwa mzee Obonyo. Afisa atavilinganisha tarehe 24.

Mpwa wako,
Mutheu

Mukuru, 21 Juni 1996

Mpwa wangu,

U mzima? Mimi chuma. Jumapili nilipita kwa Obonyo kuchungulia kitambaa chake. Cheupe, sikatai. Lakini asijione. Tarehe 24 serikali itajua nani anajua kutunza kitu.

Mjomba wako,
Mutisya

Umoja, 25 Juni 1996

Mjomba,

Natumai u salama. Jana afisa alivishika vitambaa. Cha mzee Obonyo kilikuwa na kijivu kidogo. Chako kilinuka sabuni. Akasema, “Mwalimu, mbona hewa ya Mukuru ni safi kuliko yenu?” Akaandika hivyo hivyo. Nabwire, yule msichana wa ploti yenu anayekohoa darasani kutwa, aliinamia dawati akalia.

Nani alikifua?

Mutheu

Mukuru, 27 Juni 1996

Mpwa wangu,

Salamu. Nilikifua mimi, kila jioni. Kikirudi cheusi, nafua tena. Sikutaka Obonyo anishinde usafi mbele ya serikali.

Leo nilienda kwa afisa kumwambia. Akasema nilete maneno hayo kwa maandishi. Basi mwombe Obonyo aandike, aanze na jina langu, mimi nitatia sahihi mbele ya wanafunzi wako Jumatatu. Kalamu yake inapita yangu.

Hayo ya kalamu usimsomee.

Mjomba wako,
Mutisya