Mapazia ya Nyumba Ile

Baba Pacha, mume wangu wa mbali,

Wanao wamepona kikohozi. Cherehani nayo imepata mkanda mpya.

Benki wametunyima mkopo wa nyumba. Eti mshonaji hana hati ya mshahara, nijaribu tena baada ya miezi sita.

Nyumba ile imeshapata mnunuzi mwingine. Jana alikuja kwangu, bila kujua mimi ni nani, ameshika vipimo vya madirisha. Vipimo gani nisivyovijua? Mapazia yetu, niliyoyashona tukingoja mkopo, yalikuwa kabatini, yamepigwa pasi. Nikamwambia arudi leo, nisijiumbue.

Ameyachukua. "Fundi, una kasi wewe!"

Pazia la chumba chetu nimemnyima. Nimemwambia kitambaa kiliisha. Nawe kile kitasa ulichonunulia mlango wetu, usikiuze.

Mkeo